TEKNOLOJIA: Prosesa ipi itastahimili kuongezwa kasi?

MNAMO Agosti 1998, kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa mbili ambazo bei zake zilitofautiana kama mbingu na ardhi. Pentium II ya megahezi 450 iliuzwa kwa bei ya jumla ya dola 669, nayo Celeron 300A ya megahezi 300 ikauzwa dola 149.

Haukupita muda kabla ya wapenzi wa kompyuta kugundua kwamba ile ya bei nafuu, ikibadilishiwa mpangilio mmoja tu katika ubao mkuu, iliweza kukimbia sambamba na ile ya bei ghali.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha kasi ya njia yake ya mawasiliano kwa namba iitwayo kizidishi. Kizidishi cha Celeron 300A kilikuwa 4.5 na kilifungwa kiwandani, lakini njia yake ilikwenda kwa megahezi 66. Aliyeipandisha njia hiyo hadi 100, kiwango ambacho mbao nyingi za wakati huo zilikimudu, alipata megahezi 450 bila kuongeza hata senti.

Kitendo hicho ndicho wanachokiita ovakloki, yaani kuiendesha prosesa kwa kasi inayozidi ile iliyoandikwa na mtengenezaji.

Lakini si kila Celeron ilifaa. Zile za mwanzo, zilizotolewa miezi michache kabla, hazikuwa na kumbukumbu ya akiba ya daraja la pili, na kwa hivyo zilizembea hata zilipoharakishwa. 300A ilipewa kilobaiti 128 ndani ya chipu yenyewe, zikienda kwa kasi kamili. Pentium II ilikuwa na kilobaiti 512, ila zilikaa nje ya chipu na kwenda kwa nusu ya kasi.

Kisa hicho kingali kinafaa kuongoza uteuzi hadi leo. Prosesa inayofaa kuharakishwa ni ile ya bei ya chini iliyokatwa kutoka jora moja na ya bei ya juu. Mtengenezaji hupima kila chipu na kuipa daraja. Lakini uzalishaji ukiwa mzuri na wateja wa bidhaa nafuu wakiwa wengi, chipu zenye uwezo mkubwa huishia kuandikwa namba ndogo.

Mfano mwingine ni Athlon XP 2500+ ya kampuni ya AMD, iliyotoka mwaka 2003. Kwa kuihamisha njia yake kutoka megahezi 166 halisi hadi 200, prosesa hiyo ilitoka gigahezi 1.83 hadi 2.2, kasi ileile ya 3200+ ambayo bei yake ilikuwa mbali.

Kufuli na herufi

Watengenezaji hawakufunga vizidishi kwa uchoyo pekee. Katika miaka ya 1990 walaghai walikuwa wakifuta maandishi ya chipu za daraja la chini, wakizipiga chapa ya daraja la juu na kuwauzia wasiojua. Hata hivyo, kufuli hazikuwa imara daima: mnamo 2000, kizidishi cha Athlon na Duron kiliweza kufunguliwa kwa kuunganisha vidaraja vidogo juu ya chipu kwa penseli ya kawaida ya mwanafunzi.

Mambo yalibadilika Januari 2011. Katika prosesa za Intel zilizotoka wakati huo, saa ya msingi ya megahezi 100 iliendesha karibu kila sehemu ya mfumo, hivi kwamba kuipandisha zaidi ya kiasi kidogo kulivuruga kila kitu. Waliotaka kasi walibaki na Core i5-2500K na Core i7-2600K, ambazo vizidishi vyake viliachwa wazi. Tangu hapo, kuteua prosesa kumekuwa pia kazi ya kusoma herufi.

Kwa upande wa Intel, atafutwe mwenye K mwishoni mwa jina, na ubao wake uwe wa kundi la Z. Prosesa za Ryzen za AMD, zilizoanza 2017, karibu zote ziko wazi, lakini zinahitaji ubao wa kundi la B au X. Mbao kama A320 na A520 haziruhusu.

Wapo wa kuangaliwa kwa makini, nao ni wale wenye X3D. Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 ilifungwa kwa sababu akiba iliyobandikwa juu ya viini vyake haikustahimili volti nyingi. Katika 9800X3D ya Novemba 2024 akiba hiyo ilihamishiwa chini ya viini, na kizidishi kikafunguliwa.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mnunuzi hulipia prosesa yenye K, kisha akapunguza gharama kwa kuichomeka katika ubao wa kundi la H au B la Intel, ambao hauruhusu kizidishi kuguswa. Amelipia ufunguo wa mlango asioweza kuufikia.

Aidha, kompyuta za ofisi zilizokwisha kutumika, zile zinazouzwa kwa wingi jijini Nairobi na Mombasa, hazifai kabisa kwa shughuli hii. Nyingi huja na prosesa zisizo na K, mbao zilizofungwa na aliyeziunda, na kifaa cha umeme cha umbo ambalo ni shida kulipatia kingine chenye nguvu zaidi.

Joto

Adui mkuu ni joto, na hesabu yake haina huruma. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Kasi ikiongezwa kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, joto huongezeka kwa karibu theluthi moja.

Isitoshe, kipoozaji hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Prosesa inayofika nyuzi 80 katika chumba cha nyuzi 22 Nairobi itakaribia 90 katika chumba cha nyuzi 32 Mombasa, ilhali nyingi za sasa hujipunguza kasi zenyewe zikifika baina ya 95 na 100. Vumbi katika mapezi ya kipoozaji hupunguza nafasi hiyo zaidi.

Ni vyema pia kutambua kuwa faida imepungua. Core i5-2500K ya gigahezi 3.3 iliweza kufikishwa 4.5 na mtu wa kawaida mwenye kipoozaji kizuri. Prosesa za bei ya juu za leo hujiharakisha zenyewe hadi ukingoni, na anayezilipia kwa ajili ya ovakloki huambulia asilimia chache.

Ukingo huo una hatari zake. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za Core za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikidai volti kupita kiasi na kuharibika. Ilitoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili, ila marekebisho hayaiponyi chipu iliyokwisha kudhurika. Anayeuziwa Core i9-13900K iliyotumika ana haki ya kuuliza ilikotoka.

Dhamana ya kawaida, kwa Intel na AMD vilevile, haigharamii madhara ya ovakloki. Intel iliwahi kuuza bima maalumu ya jambo hilo kuanzia 2012, kisha ikaisitisha 2021.

Hata prosesa mbili zenye jina moja, kutoka sanduku moja, hazilingani. Hiyo ni bahati nasibu isiyo na dawa. Na dalili ya kushindwa si kuzima peke yake. Prosesa iliyosukumwa mno huweza kukosea hesabu kimyakimya, jambo lisilovumilika katika kompyuta yenye vitabu vya fedha vya duka au alama za wanafunzi.

Ndiyo sababu programu za kupima kama vile Prime95 huachwa ziendeshe kwa saa kadhaa, mchana wakati wa joto kali. Kosa likijitokeza, hatua ya kwanza ni kushusha megahezi 100, si kuongeza volti.