Kudukiza Bata Mzinga

Tunamwita bata mzinga, na ubata hana. Vidole vyake havina utando, majini hana shughuli, na jioni, pamoja na uzito wote ule, hurukia mtini kulala. Ukoo wake ni wa kuku, kware na kanga. Tusijilaumu sana, kwani kila mtu alimkisia. Waingereza walimpa jina la Uturuki, Wafaransa la India, Waturuki wenyewe wanamwita hindi, na Misri ni jogoo wa Kirumi. Kwao hasa ni Amerika. Mwaka 1758 mwanasayansi Linnaeus akamwandika Meleagris gallopavo, yaani kanga (ndege, si vazi), jogoo na tausi kwa mpigo. Sisi tukaongeza bata.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni jina la kazi ifanywayo mwezi Machi katika vilima vya Ozark, Missouri, Marekani, kabla ya msimu wa kumwinda ndege huyu kufunguliwa Aprili. Mwindaji huingia msituni bila bunduki, kujua madume wanalala mti gani na asubuhi wanashukia wapi. Tuiiteje? Kupeleleza kunanuka kituo cha polisi. Doria ni ya askari. Skauti tunaye, ila alikuja na skafu yake, kitenzi akakiacha huko huko. Kuvizia na kunyemelea ni vya siku yenyewe, silaha mkononi.

Kamusi za zamani zina kudoya: kwenda kuchungua mahali kwa siri na kurudi na habari. Mdoya hapigani. Kitenzi hiki kinatosha kwa kazi ya macho: nyayo za vidole vitatu, vishimo walimooga vumbi, mistari iliyochorwa na ncha za mbawa pale dume alipotamba mbele ya majike. Hata kinyesi husomwa. Cha dume hupinda kama herufi J, cha jike hujiviringa.

Lakini dume hutafutwa hasa kwa sikio. Alfajiri, kungali kiza, mtu husimama kilimani akaiga mlio wa bundi, au wa kunguru. Dume aliye mtini hushtuka, akawika papo hapo. Basi, mtu ananyamaza, anatia alama kwenye ramani, anaondoka. Mlio wa jike hauigwi siku hizo, maana dume aliyedanganywa Machi huwa mgumu kudanganyika Aprili. Hapo ndipo ninapochagua kudukiza: kusikiliza kwa siri maneno usiyoambiwa wewe. Ni neno lenye aibu kidogo, la wambea nyuma ya dirisha, na aibu hiyo naitaka ibaki.

Na mzinga? Mwanzoni mwa karne ya 20 ndege huyu alikuwa amekaribia kwisha Marekani. Waliofugwa na kuachiliwa porini hawakudumu. Miaka ya 1950 wataalamu wakaanza kuwanasa wa porini kwa wavu uliorushwa na mizinga midogo, wakawahamishia misitu iliyobaki mitupu. Jina letu, lililokosea bata, hapa lilikuwa limetangulia. Ila kabla ya mizinga kulia, ilibidi kwanza mtu ajue kundi linakula wapi, amwage mahindi, kisha ajifiche kwenye kibanda cha matawi, kimya, akingoja vichwa vyote viinamie punje.