Ndoo Ikikaribia Kujaa

Kila alfajiri mke wangu hukinga maji bombani, nami nikiwa kitandani hujua ndoo imefika wapi. Mwanzo maji huunguruma kwa sauti nene. Kadiri yanavyopanda sauti hukonda, na ikishakuwa nyembamba kabisa bomba hufungwa. Msomaji, nawe waijua sauti hiyo ingawa pengine hujapata kuifikiria. Mimi macho yangu yalizimwa na presha ya macho mwaka 1991, hivyo sina budi kuyafikiria mambo ya namna hii.

Nilipopata habari za Bwana William Gaver, nilicheka peke yangu. Mwaka 1986 mtaalamu huyo wa saikolojia aliandika kwamba kompyuta nayo iseme kwa sauti za vitu tunavyovijua, na mwaka 1989 akaeleza programu aliyoitengenezea kompyuta za Apple, iitwayo SonicFinder. Ukichagua faili, wasikia kitu kikigongwa, na faili kubwa hutoa mlio mzito kuliko dogo. Ukilitupa, wasikia kishindo. Ukilinakili, wasikia maji yakimiminwa chomboni, mlio ukipanda mpaka kazi imalizike. Ndoo ile ile!

Mwaka huo huo wa 1989 Bibi Meera Blattner na wenzake walitoa rai nyingine: vijisauti vya muziki vyenye noti chache, kila kimoja na maana yake. Hivyo ni lazima ujifunze kwanza, kama mgeni ajifunzavyo milio ya ngoma. Lakini vina faida yake, kwani kosa la programu lina mlio gani wa asili hapa duniani? Rai zote mbili zilikuwa nzuri, ila kwa mtu wa hali yangu mlio peke yake haukutosha. Sisi tulitaka kusomewa.

Na kusomewa kulikuwa kumekwisha kuanza. Zama hizo kompyuta nyingi za ofisini zilionyesha herufi tupu, na kila herufi iliyokuwa kiooni ilikaa pia ndani ya kumbukumbu ya mashine, ikisubiri kuchotwa na kutamkwa. Katika kampuni ya IBM, mwanahisabati Jim Thatcher, aliyekuwa akifanya kazi na mwenzake kipofu, Jesse Wright, alitengeneza programu ya kufanya hivyo. Ilitolewa mwaka 1986. Kisha mwaka 1989 ikatoka JAWS ya Ted Henter, mshindani wa mbio za pikipiki aliyepofuka kwa ajali ya gari mwaka 1978.

Mimi nilikuwa karani, tena mpiga chapa hodari. Mwaka 1993 wafadhili waliniletea kompyuta yenye programu ya namna hiyo na kisanduku cha kutolea sauti. Kilisoma Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza, "nyumba" ikawa kama "nayamba", lakini baada ya mwezi mmoja nilikwisha kukizoea kama uzoeavyo lafudhi ya mgeni. Nikarudi kupiga barua zangu mwenyewe. Bwana mkubwa mmoja alilalamika juu ya kelele, nikanunua visikizio vya masikioni.

Mwaka 1998 ofisi ikapata kompyuta mpya, zile za picha na madirisha. Wenzangu walishangilia. Mimi niliwasha yangu, kisanduku kikanyamaza kimya. Katika mtindo huu mpya kioo hakina tena herufi za kuchotwa. Ni nukta tu zilizochorwa, na programu isomayo skrini ya zamani haioni neno humo. Dawa ilikuwapo. Kampuni ya Berkeley Systems ilikuwa imetoa outSpoken kwa kompyuta za Macintosh tangu 1989, na JAWS ya Windows ilitoka mwaka 1995. Mafundi hao walikuwa wamebuni njia ya kunasa kila amri ya kuchora neno kabla halijageuka nukta, na kujiwekea daftari lao la siri la yaliyomo kiooni. Ni kazi ngumu, nayo iliuzwa ghali. Nilipoomba programu hiyo niliambiwa fungu halipo, nikapelekwa kwenye simu. Miaka minane nilipokea simu za watu, hadi nikastaafu.

Nastaafu mwaka 2006, na mwaka huo huo kijana mmoja kipofu wa Australia, Michael Curran, anaanza kuandika NVDA, programu isomayo skrini ambayo mtu huipata bila malipo. Kwa kutamka ilitumia eSpeak ya Mwingereza Jonathan Duddington, sauti kavu kama ya bati, lakini lugha inazijua nyingi, na Kiswahili kimo. Mjukuu wangu aliniletea mwaka 2011 ndani ya kifaa kidogo kama kidole. Neno la kwanza nililoandika ni "nyumba". Ikatamka nyumba.

Hupenda kuisikiliza kwa mwendo wa kasi sana. Mjukuu akiingia chumbani hunisihi niipunguze, maana yeye haambulii hata neno moja. Humwambia avute kiti asubiri, nimebakiza kurasa mbili.