Jembe Lilitoka kwa Mhunzi

Ndugu wakulima, leo tuliache shamba kidogo twende kwa mhunzi. Mtaniuliza: Bwana Shamba, uhunzi na kilimo wapi na wapi? Nami nawajibu: kabla ya jembe la dukani, mhunzi ndiye aliyekuwa duka.

Tuanzie Ufipa, mkoani Rukwa. Huko wazee walijenga tanuri refu la udongo, wakaliita ilungu. Kimo chake kilifika mita 3 hivi. Ndani walipanga mawe ya chuma na makaa, na chini wakaacha matundu ya kupitishia hewa. Hapakuwa na mtu wa kuvukuta. Urefu wenyewe wa tanuri ulivuta hewa, kama dohani. Chuma kilichotoka kilikuwa bado na takataka, kwa hiyo kilichomwa mara ya pili katika tanuri dogo lenye mivukuto. Ndipo kikaenda kwenye fuawe kuwa jembe.

Kule Kagera yamechimbuliwa mabaki ya matanuri yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Katika miaka ya 1970, wazee wa Kihaya walijenga tanuri upya mbele ya mtaalamu Peter Schmidt, wakayeyusha chuma kwa kumbukumbu ya ujana wao. Na katika karne ya 19, majembe ya Wasumbwa na Warongo yalibebwa hadi Unyamwezi. Yalitumika kama fedha, tena yalitolewa mahari.

Basi nini kilitokea? Wakati wa Wajerumani, kisha Waingereza, majembe ya viwanda vya Ulaya yaliingia madukani, na vyuma chakavu vikapatikana kwa urahisi. Nani tena achome makaa siku nyingi? Matanuri yakazimika. Baada ya Uhuru wa 1961, kiwanda cha zana za kilimo kilijengwa Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China.

Lakini hapa tuelewane. Kilichokufa ni kuyeyusha mawe. Kufua hakukufa.

Mimi mwenyewe nilipotoka chuoni, mkulima alinionyesha jembe lililolika, nikamwambia anunue jipya. Dukani hayakuwapo, na mvua ilikwisha anza. Mzee mmoja mhunzi akakata kipande cha springi ya lori, akakifua, akampa jembe kabla ya jua kuzama. Mimi nilinyamaza.

Mzee yule alijua kwamba springi si sawa na nondo. Nondo ya kawaida ni laini, makali yake hayakai. Springi ina ugumu, lakini ukiizima ghafla ikiwa nyekundu hukatika kama kigae. Kwa hiyo baada ya kuizima huipasha tena moto kidogo, ili ugumu upungue na chuma kivumilie mawe. Elimu hiyo ndiyo inayohitajika kwenye jembe la ng'ombe, toroli na mashine ya kukoboa.

Basi, ndugu zangu, msingoje mvua. Pelekeni zana kwa mhunzi wakati wa kiangazi. Springi iliyovunjika msiitupe, mpelekeeni. Na kijana anayependa kufungua fungua baiskeli, mwacheni akae karibu na mivukuto ya mzee. Mzee akiondoka na ujuzi wake, jembe likikatika katikati ya palizi tutamkimbilia nani?

Kazi njema, na kwaherini.