Fedha Iliyokuwa Pesa

Kwa Kiswahili, fedha tunaivaa na fedha tunalipia. Anayetaka kutambua bangili au kijiko cha kurithi katika nyumba za Usangu, tangu Igawa, barabara kuu inapovuka mto Mbarali, hadi Rujewa, na aanzie hapo.

Misafara ya pembe za ndovu iliyofuata utawala wa Merere, mtemi wa Wasangu, ilileta Waarabu na Wabaluchi, na uzao wa Wabaluchi hao uko Rujewa hata leo. Sarafu ya misafara ilikuwa reale ya Maria Theresa, iliyoendelea kugongwa kwa mwaka uleule, 1780, muda mrefu baada ya malkia mwenyewe kufariki. Ilikuwa na gramu 28, na katika kila sehemu 1,000 fedha halisi ni 833. Rupia ya Wajerumani, kuanzia 1890, ilikuwa ndogo, gramu 11.66, lakini safi zaidi: sehemu 917. Sonara hakuchimba fedha, aliletewa. Mteja alifungua kibindo, akahesabu rupia, zikaingia kwenye moto, zikatoka bangili.

Ndiyo maana bangili ya bibi mara nyingi haina alama yoyote. Vyombo vya Ulaya, ambavyo huku vilihama nyumba kila mali za Wajerumani zilipotwaliwa kama mali ya adui, vimejaa alama. Simba anayetembea ni fedha ya Uingereza ya kiwango cha 925. Nanga kando yake ni Birmingham, kichwa cha chui ni London. Mwezi mchanga na taji, pamoja na 800, ni Ujerumani, kwa sheria ya 1884 iliyoanza kazi 1888. Wengi hunaswa na namba 90. Hicho si kiwango: ni gramu za fedha zilizotumika kuchovya dazeni ya vijiko na dazeni ya uma. Nacho kilichoandikwa Alpacca hakina fedha hata chembe, ni shaba, nikeli na zinki.

Kisicho na alama kipimwe kwa maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya jikoni, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza bangili kwa uzi izame bila kugusa kikombe. Gawa uzito wake wa kawaida kwa gramu zinazosomeka. Fedha ya rupia hutoa kama 10.3, alpaka haifiki 9. Ukipata kati ya hizo, fikiria shilingi ya simba ya 1921, iliyokuwa robo tu fedha. Pesa ikishuka, na bangili hushuka nayo.

Majivu na ndimu hung'arisha, sikatai, ila hula nakshi. Weusi ule ni salfa ya hewani iliyoshikana na fedha. Maji ya moto, soda ya kuokea na karatasi ya alumini huihamishia kwenye alumini bila kukwangua. Lakini mfuaji akiwa amejaza weusi mashimoni kwa makusudi, acha: futa kwa pamba tu.

Na bangili iliyopasuka usiipeleke kwa fundi wa rejeta za malori. Ataiunga kwa risasi, na siku sonara atakapoitia motoni, risasi ile itaitoboa fedha. Ikiwa imeshaungwa hivyo, kwanza risasi ikwanguliwe yote, taratibu, kabla ya moto.