Karatasi Ilivyofundishwa Kubeba Maziwa

Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alipotangaza kwamba watoto wa shule za msingi nchini Kenya watapewa maziwa bure, serikali ilijitwisha kazi nzito. Maziwa huharibika upesi. Chupa za kioo huvunjika njiani, na zisipovunjika sharti zirudishwe kiwandani zikaoshwe. Maziwa hayo, yaliyoitwa maziwa ya Nyayo, yakawafikia wanafunzi katika pakiti za karatasi zenye ncha nne, kila ubavu pembetatu. Mtoto alirarua ncha moja kwa meno, akanywa. Wengi wao leo ni wazazi, na bado wanayasimulia maziwa yale. Pakiti yenyewe haisimuliwi, ingawa nyuma yake kuna safari ndefu ya utafiti ambayo hadi leo haijafika mwisho.

Ugumu unaanzia kwenye asili ya karatasi. Karatasi ni nyuzi za miti zilizopondwa zikawa rojo, zikatandazwa na kukaushwa. Kinachozishikanisha ni mvutano mdogo kati ya selulosi ya uzi mmoja na ya mwenzake, na maji yakiingia katikati, mvutano huo hulegea. Ndiyo maana gazeti likinyeshewa huchanika kwa kuguswa tu. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alichapisha njia ya kuchanganya utomvu wa msonobari na shabu ndani ya rojo, na karatasi ikaacha kufyonza wino ovyo. Hatua hiyo iliwafaa waandishi na wachapaji. Kuzuia maziwa yasivuje kwa siku kadhaa kulidai kinga nyingine kabisa.

Kinga ya kwanza kuenea ilikuwa nta. Mwaka 1915 John Van Wormer, aliyekuwa na kiwanda cha vitu vya kuchezea watoto katika jimbo la Ohio, Marekani, alipata hataza ya chupa ya karatasi. Kadibodi ilisafirishwa ikiwa bapa, na hukohuko kwenye kiwanda cha maziwa ikakunjwa, ikagundishwa, ikapakwa nta ya parafini, ikajazwa na kufungwa. Usafiri ulipungua gharama, na hakukuwa na chupa za kuosha. Lakini nta ilikuwa na udhaifu wake. Ilipata nyufa kwenye mikunjo, na vipande vyake viliweza kubanduka na kuelea ndani ya maziwa.

Dawa ya udhaifu huo ilizaliwa kwa bahati. Mwezi Machi 1933, kwenye maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, wanakemia Reginald Gibson na Eric Fawcett walikuwa wakijaribu kemikali chini ya shinikizo kubwa sana. Walipofungua chombo chao walikuta masalia meupe yanayofanana na nta. Hiyo ndiyo polithini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kufunika nyaya za rada, na vita vilipokwisha viwanda vikaanza kuitafutia kazi nyingine. Ikiyeyushwa na kutandazwa juu ya karatasi, inashika vizuri. Inakunjika bila kupasuka, tena ikipashwa moto inajigundisha yenyewe, kwa hiyo gundi haihitajiki.

Wakati huo nchini Uswidi, Ruben Rausing alikuwa akitafuta pakiti ya maziwa iliyo rahisi. Aliposoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikuwa ameona maduka ambayo mnunuzi hujichukulia bidhaa mwenyewe, akatambua kwamba maduka ya namna hiyo yatahitaji bidhaa zilizokwisha kufungashwa. Kanuni yake ilikuwa kwamba pakiti iokoe thamani kubwa kuliko gharama yake. Mwaka 1944 mfanyakazi wa maabara yake, Erik Wallenberg, alileta wazo la pakiti ya pembe nne, na hataza ikaombwa kwa jina la Rausing. Kwa miaka mingi watu wachache tu ndio waliojua mchango wa Wallenberg.

Msomaji anaweza kuujaribu ufundi huo kwa mikono yake. Kunja karatasi iwe bomba, bana mwisho mmoja, kisha bana wa pili ukiwa umeugeuza robo mzunguko. Utapata umbo lilelile la pakiti za Nyayo, bila kipande cha karatasi kilichotupwa. Tatizo lilikuwa hewa: ikibaki ndani pamoja na maziwa, huyaharibu. Inasimuliwa kwamba mkewe Rausing, Elisabeth, ndiye aliyeuliza kwa nini bomba lisijazwe mfululizo, kisha likabanwa palepale penye maziwa, kama wafanyavyo watengenezaji wa soseji. Pakiti ikafungwa imejaa tele. Kampuni ya Tetra Pak iliundwa mjini Lund mwaka 1951, na mwaka uliofuata mashine yake ya kwanza ikaanza kufungasha malai kwa ujazo wa mililita 100.

Hatua ya mwaka 1961 ilikuwa kubwa zaidi. Maziwa yalichemshwa kwa sekunde chache kwenye joto la nyuzi zaidi ya 130, karatasi nayo ikasafishwa vijidudu kwa haidrojeni peroksaidi, na kati ya matabaka ya polithini ikawekwa alumini nyembamba kuliko unywele. Polithini huzuia majimaji, lakini oksijeni hupenya na mwanga pia. Alumini huzuia vyote viwili. Maziwa yakaweza kukaa miezi bila friji. Kwa mama mwenye duka mahali ambapo umeme haujafika, uvumbuzi huu una thamani zaidi kuliko friji ambayo hana. Mwaka 1963 ikaja pakiti ya umbo la tofali, kwa sababu zile za pembe nne zilihitaji kreti zenye pande sita.

Chukua pakiti tupu ya maziwa ya muda mrefu, iloweke usiku kucha, kisha ichambue kwa kucha. Katikati utakuta kadibodi iliyolainika, na upande wa ndani utando unaong'aa ambao hautoki kwenye plastiki hata ukiuvuta. Kiwandani, kadibodi hukorogwa majini ikawa rojo na kutengenezwa karatasi mpya. Alumini na plastiki hubaki zimeng'ang'aniana, na kuzitenganisha ni kazi ya gharama. Kila kinga tuliyoipa karatasi imetuachia deni la namna hii. Karatasi za kufungia vyakula vya mafuta zilitiwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo haziozi na zimeonekana hadi katika damu ya binadamu. Denmark ilizipiga marufuku kwenye vifungashio vya karatasi vya chakula mwaka 2020.

Ndiyo maana utafiti wa sasa unarudi kwenye selulosi yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Marekani waligundua namna ya kuzichana nyuzi za miti hadi ziwe vijiuzi visivyoonekana kwa macho. Vikikauka hufanya utando uliobana kiasi cha kuzuia oksijeni. Lakini utando huo unategemea ukavu. Unyevu ukipanda, vijiuzi huvimba na oksijeni hupita.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapohusika moja kwa moja. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania ikafuata mwaka 2019, na mifuko ya kaki ikarudi sokoni. Malighafi na kiwanda tunavyo: misonobari ya Sao Hill na kiwanda cha karatasi cha Mgololo viko Mufindi, Tanzania. Karatasi, kwa desturi, hupimwa katika maabara yenye nyuzi joto 23 na unyevu wa asilimia 50, ilhali Mombasa na Dar es Salaam unyevu mara nyingi hupita asilimia 70. Kifungashio kinachofaulu Lund kinaweza kufeli Kariakoo. Vyuo vyetu na mashirika yetu ya viwango yana wajibu wa kukipima katika hali ya hewa yetu kabla hakijaingia dukani, na kumtaka muuzaji aeleze matabaka yake yatatenganishwa wapi, na kwa gharama ya nani. Tukinyamaza, deni hilo litalipwa na majalala yetu.