Mapitio ya adhabu nyepesi (Kenya)

Mapitio ya adhabu nyepesi ni utaratibu unaoiwezesha Mahakama Kuu ya Kenya kuongeza adhabu iliyotolewa na hakimu, kwa vifungu vya 354 (rufaa) na 364 (marejeo) vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Tangu uamuzi wa kesi ya Ogola (1954), jaji haingilii kwa kuwa tu yeye angetoa adhabu tofauti: sharti kanuni iwe imekiukwa au jambo muhimu limepuuzwa. Katika marejeo, mshtakiwa husikilizwa kwanza, na adhabu haivuki mamlaka ya hakimu wa awali. Hata mfungwa aliyekata rufaa kuomba nafuu anaweza kuongezewa kifungo, ndiyo maana majaji humwonya mapema.