Kabla ya daraja jipya kujengwa: wataalamu wa malikale hutafuta nini mtoni?

Daraja la kijiji likisombwa na maji, maisha husimama. Mama mjamzito hafiki zahanati, watoto wa ng'ambo hawaendi shule, na mazao huozea shambani kwa sababu gari halivuki. Ndiyo maana taarifa ya daraja jipya hupokelewa kwa furaha. Lakini kabla ya katapila kufika, mara nyingine wananchi huona wageni wakipita mashambani kwa mstari, macho chini, wakiokota vigae vya vyungu na kuwauliza wazee habari za makaburi.

Hapo maneno huanza. Wapo wanaosema hao wanatafuta madini. Wapo wanaosema wanafuata rupia zilizofukiwa na Mjerumani. Na wapo wenye hofu kubwa zaidi: kwamba kikipatikana kitu cha kale, daraja halitajengwa tena.

Kazi hiyo inaitwa tathmini ya athari kwa malikale. Lengo lake ni kujua mapema kama ujenzi utaharibu mabaki ya watu wa zamani, na nini kifanyike ili daraja lijengwe bila kuyapoteza. Makala hii inaeleza inavyofanyika hapa Tanzania, na nafasi ya mwanakijiji ndani yake.

Kwa nini mtoni?

Mto hauvukwi popote. Watu hutafuta mahali ambapo maji ni mafupi, chini ni mwamba au mchanga mgumu, na kingo hazibomoki. Mhandisi wa leo naye hutafuta kingo imara na sehemu nyembamba. Mara nyingi mhandisi na mababu huishia kuchagua sehemu ileile. Panapofaa daraja, yawezekana palikuwa kivuko, na penye kivuko watu walipumzika, walipika, walifanya biashara na hata walizika.

Tena mto wenyewe hufukia na kufukua. Mafuriko hulaza tope juu ya mabaki, na miaka mingi baadaye maji hukata korongo na kuyaweka wazi. Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini Iringa, ni mfano unaojulikana. Mmomonyoko ulifukua zana nyingi za mawe, yakiwemo mashoka ya mkono ya watu wa Zama za Mawe. Eneo hilo lilitambuliwa mwaka 1951.

Mfano mwingine uko Mto Kalambo, mpakani mwa mkoa wa Rukwa na Zambia. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba upande wa Zambia, juu kidogo ya maporomoko, yamepatikana magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine. Umri wake ni miaka isiyopungua 476,000. Kwa kawaida mti huoza. Haya yalidumu kwa sababu udongo wa pale ulibaki na maji muda wote. Kwa hiyo tope la kando ya mto linaweza kutunza vitu ambavyo juu ya kilima vingekwisha zamani.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, pamoja na majengo, makaburi na miundo mingine ya kabla ya mwaka 1886. Waziri mwenye dhamana anaweza pia kutangaza mahali pengine palindwe. Hairuhusiwi kuchimba kutafuta malikale bila leseni, na anayegundua kitu cha kale anatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka bila kuchelewa.

Upande wa miradi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo msingi wa tathmini ya athari kwa mazingira, inayosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Malikale huangaliwa ndani ya tathmini hiyo, na Sera ya Malikale ya mwaka 2008 nayo inasisitiza jambo hilo. Si kila daraja hupewa uchunguzi wa uzito mmoja. Kanuni hupanga miradi katika makundi kulingana na ukubwa wa athari zake.

Madaraja mengi ya barabara za wilaya yako chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017. Mradi ukitumia fedha za Benki ya Dunia, kama ilivyo kwa barabara za mpango wa RISE, huongezewa masharti ya mfadhili. Moja ya masharti hayo, lililoanza kutumika Oktoba 2018, linahusu urithi wa kitamaduni peke yake.

Kwa makaburi ya familia ambayo si ya kale kiasi hicho, ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Inaweka utaratibu wa kutoa taarifa na kugharamia uhamishaji na mazishi mapya pale eneo linapohitajika kwa manufaa ya umma.

Kazi inafanywaje?

Kwanza wataalamu husoma. Huangalia ramani za zamani, ripoti za utafiti na picha za angani, ili kujua kama karibu na hapo kuna jambo lililowahi kuandikwa.

Pili husikiliza. Huuliza wapi palikuwa kivuko cha zamani, wapi kijiji kilikuwa kabla ya watu kuhamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, wapi watu hutambikia, na jembe hugonga nini wakati wa kulima. Akina mama wafinyanzi huulizwa kuhusu udongo, kwa kuwa wanajua wapi wakichimba hukuta vigae ambavyo si vya mkono wao.

Tatu hutembea. Hujipanga kwa mstari, wakiachana hatua chache, na kupekua eneo lote la mradi. Wanatafuta vigae, mawe yaliyochongwa, majivu yaliyogandamana, mirundo ya mawe, na mabonge mazito meusi ambayo watu wengi huyaita mavi ya chuma. Mabonge hayo ni mabaki ya kuyeyusha chuma, na yakionekana mengi, tanuri la wahunzi haliko mbali. Kila kitu hupigwa picha na mahali pake kurekodiwa kwa kifaa cha GPS.

Nne, pakitia shaka, huchimba mashimo madogo ya majaribio. Udongo huondolewa tabaka kwa tabaka na kuchekechwa. Mwisho huandika ripoti yenye mapendekezo.

Laetoli inatufundisha nini?

Faida ya mashimo hayo madogo ilionekana Laetoli, katika eneo la Ngorongoro. Huko mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilipata nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu, zenye umri wa miaka milioni 3.66. Baadaye ulikuja mpango wa kujenga makumbusho papo hapo. Kabla ya ujenzi, wataalamu wakiongozwa na Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya tathmini. Walichimba mashimo 62, kila moja mita 2 kwa mita 2.

Mashimo 59 hayakuwa na unyayo wa viumbe hao hata mmoja. Matatu yalikuwa nazo: nyayo 14 za watu wawili, umbali wa mita 150 hivi kutoka zile za mwaka 1978. Matokeo yalitangazwa Desemba 2016. Juu ya ardhi hapakuwa na dalili yoyote. Kama msingi ungechimbwa kwanza na maswali yakaulizwa baadaye, nyayo zilizodumu miaka zaidi ya milioni tatu zingeondoka kwa siku moja ya kazi.

Hatari haiko darajani peke yake

Jambo ambalo wengi hawalitazamii ni kwamba nguzo za daraja huchukua nafasi ndogo. Uharibifu mkubwa unaweza kutokea mbali na mto. Tuta la barabara linaloingia darajani huhitaji kifusi, na kifusi huchimbwa kilimani. Kuna barabara ya mchepuko ya kutumiwa wakati wa ujenzi. Kuna kambi ya mkandarasi, mahali pa kuegesha mitambo, na mahali pa kumwaga udongo uliotolewa.

Madaraja ya mawe, ambayo TARURA imekuwa ikiyajenga katika mikoa kadhaa ikiwemo Kigoma, yana swali lake: mawe yanatoka wapi? Rundo la mawe porini laweza kuwa kaburi au ukuta wa makazi ya zamani.

Kwa hiyo tathmini inayoishia kwenye kingo za mto haijakamilika. Inatakiwa ifike hadi kwenye shimo la kifusi, na shimo likibadilishwa katikati ya kazi, shimo jipya nalo likaguliwe kabla ya kuchimbwa. Na kama daraja la zamani litabomolewa, nalo lipimwe na kupigwa picha kwanza, maana ni sehemu ya historia ya barabara hiyo.

Kikipatikana kitu, daraja linasimama?

Kwa kawaida hapana, mradi kitu hicho kijulikane mapema. Wakati mchoro bado uko mezani, tuta linaweza kusogezwa mita chache, shimo la kifusi likahamishiwa kilima kingine, au kambi ikajengwa upande wa pili. Pasipowezekana kukwepa, wanaakiolojia wenye leseni huchimba, hurekodi na kuokoa mabaki kabla ya mitambo kuingia. Mahali pengine inatosha mtaalamu kusimama pembeni akiangalia udongo unavyotolewa.

Kinachochelewesha daraja ni kugundua jambo hilo wakati kijiko kimeshapasua kaburi. Hapo kazi husimama mahali hapo, familia hukasirika, na mvua hukuta daraja halijaisha. Ndiyo sababu mkataba mzuri huwa na utaratibu wa vitu vinavyopatikana bila kutarajiwa: mwendesha mtambo asimamishe kazi sehemu hiyo, eneo lizungushiwe kamba, mhandisi ajulishwe, na mamlaka za malikale ziitwe. Kazi huweza kuendelea sehemu nyingine.

Wewe msikilizaji ufanye nini?

Mkutano wa kijiji kuhusu mradi ukiitishwa, hudhuria, na umchukue mzee anayejua eneo. Uliza maswali matatu: kifusi kitachimbwa wapi, mchepuko utapita wapi, na nani ataitwa kikipatikana kitu ardhini. Kama pana kaburi au mahali pa matambiko ambapo ukoo hautaki patajwe hadharani, mwambieni mtaalamu faragha. Anaweza kushauri pakwepwe bila siri ya ukoo kutangazwa.

Ukikuta kitu wakati wa kulima, au ukiwa kibarua kwenye mradi, usikiondoe. Kigae kilichotolewa mahali pake hupoteza sehemu kubwa ya habari zake, kwa sababu mtaalamu husoma kina, tabaka la udongo na vitu vilivyolala pamoja nacho. Kipige picha kwa simu, weka alama mahali hapo, kisha mjulishe mtendaji wa kijiji ili taarifa ifike kwa afisa utamaduni wa halmashauri na Idara ya Mambo ya Kale. Picha hiyo usiisambaze kwenye makundi ya simu, maana wapekuzi wa rupia nao wana simu.

Wataalamu wakishaondoka, msifukue mashimo yao. Hawakuacha mali humo. Walichotafuta ni habari, na sehemu kubwa ya habari hizo ilikuwa kwenu tangu mwanzo: palipokuwa kivuko, walipozikwa wazee, mahali jembe linapogonga vigae. Zikisemwa kabla ya katapila kuwasha injini, kijiji hupata daraja na hubaki na kumbukumbu zake.